Theluji au Barafu

Ibra nzima, mji wa ndani huko Omani, ilijua kwamba Rumaitha binti Khalaf hamdanganyi mtu juu ya theluji. Katika mambo mengine alikuwa kama watu wote: aliweza kukwambia "niko njiani" na huku abaya yake bado inaning'inia mlangoni, na akikusifia biriani yako usimwamini sana. Lakini theluji ilikuwa kazi yake. Alikuwa na ofisi ya safari karibu na soko la wanawake, lile la Jumatano, na kila mwaka joto likishapungua watu walianza kumjia wakitaka kupelekwa kwenye baridi. Wazungu wanavuka bara zima kuja Omani kuota jua, na Waomani nao wanalikimbia jua hilohilo wakatumbukize miguu kwenye theluji. Ndivyo tulivyo, hakuna wa kumcheka mwenziwe.

Rumaitha aliwapeleka Jojia, ile ya milima ya Kaukazi, kwa sababu ndege haiendi mbali na viza haisumbui. Alikuwa na mlima wake mmoja na hoteli yake moja, na wenyeji wa huko walikwisha mzoea. Mlima wenyewe ulikuwa na kamera. Ilifungwa kwenye nguzo ya lifti ya kupandishia watelezaji, ikitazama mteremko mkubwa, na mtu yeyote mwenye simu angeweza kuifungua akaona hali ilivyo saa hiyohiyo. Wateja hawakujishughulisha nayo. Walimwuliza Rumaitha, na alichosema Rumaitha ndicho walichofanya.

Jumatano moja, mwanzo wa Disemba, aliingia Hamed wa mji wa Samad Ash Shan pamoja na mkewe. Huyu Hamed wazee wake walitokea Burundi, na yeye ni mtu wa benki, amezoea kusoma kila kitu mpaka herufi ndogo za chini. Alitaka kwenda wiki inayokuja.

"Mlima umefunguliwa, Bi Rumaitha," alisema. "Tumeona kwenye websaiti. Wameweka na picha."

"Umefunguliwa, ndiyo," Rumaitha akamjibu. "Mlango umefunguliwa. Ndani hamna kitu."

Akawageuzia kioo cha kompyuta. Mlima ulikuwa umekaa pale, rangi ya majani makavu kutoka juu mpaka chini, na katikati yake umepita mstari mmoja mweupe, mwembamba, kama kilemba kilichofumuka.

"Huo mstari ni wa mashine," alieleza. "Usiku baridi ikikaza wanarusha maji hewani kwa mizinga, yanashuka yamekuwa theluji. Mchana jua linaiyeyusha. Usiku inaganda tena. Ikifika asubuhi ya pili si theluji tena, ni barafu. Barafu tupu. Ukianguka pale, ndugu yangu, umeanguka kwenye sakafu."

"Lakini wameandika sentimita thelathini."

"Wamepima kileleni, kwenye shimo ambalo upepo umekusanya kila kitu. Chini utapita juu ya mawe. Lifti zinazofanya kazi haziwatoshi hata wenyeji, na wote mtakuwa mmebanana kwenye mstari huo huo, anayejua na asiyejua. Msiende. Njooni mwezi ukiisha, ikishaanguka ya Mungu."

Mke wa Hamed akamtazama mumewe kwa jicho la "si nilikwambia," na wakaondoka wameridhika. Wiam, msichana wa ofisini, akatikisa kichwa.

"Bi Rumaitha, wewe unafukuza wateja."

"Siwafukuzi. Watarudi."

Kweli walikuwa wakirudi. Ndiyo maana ofisi ilikuwa haijafungwa, wakati nyingine mbili za jirani zilizowaahidi watu theluji kila siku ya mwaka zilikwisha geuka duka la simu na duka la manukato.

Sasa, huyu mwanamke msema kweli alikuwa na mtoto mmoja tu, Shihab, na mtoto huyo hakumlea.

Hakikuwa kisa cha mahakamani. Hakunyang'anywa mtoto, alimtoa mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alipoachana na Khattab, baba yake Shihab, Rumaitha alikuwa akifanya kazi Maskati, anarudi Ibra mwisho wa wiki tu. Khattab akasema mtoto anataka nyumba yenye watu, na kwao Sur, mji wa pwani, watu walikuwa wamejaa. Rumaitha akakubali, akidhani ni kwa mwaka mmoja wa skuli. Mwaka ukawa miaka, mtoto akapata marafiki, akapata mama wa kambo mwema ambaye hata Rumaitha hakuweza kumchukia, na alipoacha kazi ya Maskati na kurudi Ibra kufungua ofisi, hapakuwa na wa kumrudisha. Mvulana alikuwa mtu wa Sur.

Alikuwa akimwona kwenye Idi. Shihab alikuja, akamwamkia, akanywa kahawa, akala halua kidogo, akatazama saa. Baadaye akapata nafasi ya kusoma Uturuki, katika mji mmoja wa mashariki wenye mlima wa kuteleza juu yake, na huko akajifunza kuteleza kwa mbao mbili miguuni kama waliozaliwa huko. Aliporudi akaajiriwa Ras al Jinz, kwenye kituo cha wageni wanaokuja kuangalia kasa wakitaga. Kijana anayejua theluji akapewa kazi ya kulinda mayai mchangani. Rumaitha alipoipata habari kwamba mwanawe anateleza, na anateleza vizuri, alikaa kitandani akacheka peke yake kwa furaha. Hatimaye walikuwa na kitu kimoja wanachokijua wote wawili.

Akaanza kumwalika. Njoo twende mlimani, mimi na wewe, bila ya wateja. Shihab hakukataa wala hakukubali. Alisema likizo, alisema zamu, alisema tutaona. Mwisho, kabla Novemba haijaisha, akaandika ujumbe mfupi: theluji ikiwepo nakuja. Rumaitha aliusoma ujumbe ule ofisini, akausoma jikoni, akamsomea mama yake. Tangu siku hiyo aliitazama ile kamera kwa jicho jingine kabisa.

Na theluji haikuja. Huo ndio ukweli, na yeye aliujua kuliko mtu yeyote Omani nzima.

Hamed na mkewe walikuwa hawajafika hata kwenye gari lao pale simu ilipolia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani? Baba yako? Watu wa nyumbani?"

"Alhamdulillah, wote wazima. Mama, likizo wamenipa. Wiki hii inayokuja. Baada ya hapo wenzangu ndio wanaondoka, mimi nabaki kituoni mpaka sijui lini. Nataka kukuuliza jambo moja tu. Huko mlimani kuna theluji, au kuna barafu?"

Kioo cha kompyuta kilikuwa bado kimegeuzwa upande wa wateja, lakini Rumaitha hakuwa na haja ya kukitazama. Kwa mtu mwingine yeyote jibu lingetoka lenyewe. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni hiki:

"Thalj ipo, habibi. Thalj waajid."

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa wale ambao hawajakaa katika nyumba zenye ndimi mbili. Mwarabu ana neno moja, thalj. Inayoanguka mlimani ni thalj, na inayogongagonga ndani ya glasi ya sharubati ni thalj vilevile. Mswahili amezigawa: ya mlimani ni theluji, ya kwenye glasi ni barafu. Kwa hiyo Rumaitha, aliposema thalj iko tele, kwa Kiarabu hakusema uongo hata kidogo. Kwa Kiswahili, alichoulizwa hakukijibu.

Na kuna jambo jingine. Khattab, mume wake wa zamani, alikuwa na Kiswahili safi cha mjini Unguja alichorithi kwa wazee wake, lakini alikuwa na tabia moja iliyojulikana na familia yote. Akibanwa, alihama lugha. Umwulize kwa Kiswahili jana alilala wapi, akujibu kwa Kiarabu kwamba alikuwa mashghul, ana shughuli. Kwa Rumaitha lilikuwa neno la mzaha kwanza, halafu likawa si la mzaha. Khattab akianza Kiarabu, Rumaitha alikuwa akimwambia mama yake, ujue kuna jambo.

"Thalj waajid," Shihab akarudia upande wa pili, polepole. "Haya. Nitakuja Ijumaa baada ya sala, tutoke pamoja."

"Inshallah, mwanangu. Inshallah."

Alipoiweka simu chini, Wiam alikuwa ameacha kupanga karatasi.

"Bi Rumaitha," alisema, kwa Kiswahili chake cha watoto wa siku hizi, "lakini ile si barafu mingi?"

"Wiam, tazama kazi yako."

Wiam akatazama kazi yake. Rumaitha akakigeuza kioo upande wake, na mlima ukawa mbele ya uso wake, umekauka vilevile.

Ungemwuliza saa ile angekwambia kwamba si uongo, ni kuvuta muda tu. Leo Jumatano, mpaka Ijumaa kuna Alhamisi nzima katikati, na mawingu hayapigi hodi. Ameshaona mlima umelala mkavu na umeamka umezikwa. Na hata isipoanguka, alijiambia, tukishafika si tumeshafika? Kutakuwa na hoteli, kutakuwa na meza ya watu wawili, kutakuwa na asubuhi. Mtoto hawezi kurudi Sur kwa miguu. Aliyafikiri haya yote kwa utulivu, kama mtu anayepanga safari ya mteja.

Nyumbani, mama yake, Bi Wadha, alikuwa ameshaanza kukaanga visheti vya safari. Bi Wadha aliletwa Omani kutoka Afrika Mashariki akiwa msichana, na Kiswahili chake alikuja nacho kizima, hakukipunguza wala hakukiongeza. Alipata habari ya Ijumaa akafurahi mpaka akaunguza mkupuo mmoja.

"Kwa hivyo theluji ipo," alisema.

"Ipo, Mama," Rumaitha akajibu, akachukua kisheti kimoja kuuziba mdomo wake mwenyewe.

"Miye barafu naijua. Kwetu tukinunua kwa kipande, imefukiwa kwenye unga wa mbao, unakimbia nayo nyumbani na gunia linachuruzika mpaka mguuni. Theluji niliiona kitabuni tu, picha ya mlima Kilimanjaro, na mwalimu akatuchapa kwa sababu tulisema ni barafu. Mwambie Shihab anipigie picha ya theluji, nimwoneshe yule mwalimu kaburini."

Rumaitha alicheka, kisha akaacha. Alikuwa amekumbuka siku moja Shihab akiwa mdogo, kabla ya Sur, ilipopiga mvua ya mawe Ibra. Mtoto alitoka mbio uani, akarudi na viganja vimejaa, anapiga kelele, theluji, Mama, theluji! Yeye akamwambia hii si theluji, hii barafu. Barafu ina kelele na inaumiza. Theluji inashuka kimya, hata hujui kama imefika. Mtoto akaitia barafu yake kwenye kikombe, akaiweka ndani ya friza, na kikombe kile kilikaa humo muda mrefu baada ya yeye mwenyewe kuondoka.

Alhamisi mlimani ilinyesha mvua. Si theluji, mvua. Kwenye kamera matone yalikuwa yanateleza juu ya kioo, na ule mstari mweupe umekatika sehemu mbili, unaonesha udongo. Mwenyeji wake wa hoteli alimtumia ujumbe: usilete watu. Rumaitha aliujua mlima wa namna hiyo. Usiku utaganda, na kesho hata barafu haitakuwa barafu ya maana. Alichukua simu akamwandikia Shihab maneno manne, akayafuta. Akaandika tena, akafuta. Kisha akasimama akaenda kupanga nguo za kijivu na za buluu ndani ya sanduku, akazitoa, akazipanga tena.

Ijumaa Shihab alifika baada ya sala, kama alivyosema. Gari lake lilikuwa na vumbi la njia nzima ya Sur. Aliingia na kasha la plastiki kichwani, akalitua jikoni, akambusu bibi yake mkono.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Umekonda. Umeleta nini?"

"Nguru. Wa leo asubuhi, sokoni kwetu."

Bi Wadha hakungoja. Akalifunua kasha, na samaki alikuwa amelala humo, mgongo wake unang'aa, amezungukwa na vipande vyeupe mpaka ukingoni.

"Mashallah! Na barafu tele."

"Ndiyo, Bibi," Shihab akasema. "Hiyo ndiyo barafu."

Alilisema taratibu, kama mtu anayemsomesha mgeni, na hakumtazama bibi yake aliposema. Alimtazama mama yake. Rumaitha alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Hakuweza tena kuficha.

"Shihab. Huko mlimani..."

"Nimeona."

Akatoa simu mfukoni, akaigusa mara mbili, akamwonesha. Ilikuwa ni kamera ileile, nguzo ileile, tone lilelile la maji limegandia pembeni ya kioo. Mlima ulikuwa mtupu na mweusi kwa umajimaji.

"Kituoni kwetu kasa wanakuja usiku," alisema. "Mchana tunakaa tu. Naifungua kila siku tangu mwezi uliopita."

"Na Jumatano? Uliponipigia?"

"Nilikuwa naitazama huku nazungumza na wewe. Kulikuwa na bwana mmoja kavaa nyekundu, kaanguka, akateleza kwa makalio mpaka chini kabisa."

Bi Wadha alitaka kucheka, akaona si mahala pake, akashughulika na samaki.

"Sasa kama uliona," Rumaitha alisema, na sauti yake ilitoka ndogo, "uliniuliza ya nini?"

Shihab aliirudisha simu mfukoni. Alikuwa na uso wa baba yake, lakini namna yake ya kufikiri kabla ya kusema ilikuwa ya mama yake.

"Nilikuuliza kwa Kiswahili, Mama," alisema. "Ukanijibu kwa Kiarabu."

Hakumtaja Khattab, na hapakuwa na haja ya kumtaja, kwa maana kila mmoja mle jikoni alikuwa amewahi kuuliza swali kwa Kiswahili akajibiwa hivyohivyo. Rumaitha aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Miaka yote ile alijihesabu kuwa ndiye mkweli kati yake na Khattab.

"Ningekwambia haipo," alisema, "usingekuja."

"Umejuaje? Ungeniambia kwanza, ukaona kama sitakuja."

"Wewe mwenyewe uliandika, theluji ikiwepo."

"Niliandika." Akaushika ukingo wa kasha, akaukandamiza kama kwamba hauko sawa. "Niliandika hivyo kwa sababu sikujua niandike nini. Sikuwahi kusafiri na wewe. Nilitaka kiwepo kitu cha kufanya huko, tusije tukakaa tunatazamana."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akiwaita watoto wake waje kula, na Bi Wadha akaanza kumkata nguru vipande.

"Basi nakuuliza tena," Shihab akasema. "Kuna theluji?"

Rumaitha aliitua taulo juu ya meza.

"Hakuna," alisema. "Hakuna theluji hata ya kujaza kikombe. Kuna barafu, na juu ya barafu imenyesha mvua, na pembeni mawe na majani makavu. Nisingempeleka hata mtu nisiyempenda. Nilisema thalj kwa sababu nilikuwa nakutaka uje."

Shihab akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepata dukani kitu alichokuwa akikitafuta. Kisha akageuka, akatoka nje.

Waliusikia mlango wa nyuma wa gari ukifunguliwa. Rumaitha hakwenda dirishani. Alijua alichokiona pale asubuhi ile ya zamani Shihab alipochukuliwa kwenda Sur, gari la Khattab limeshawashwa na mtoto amekaa nyuma, na hakutaka kukiona tena. Alisubiri tu kusikia mashine ikinguruma. Alisema moyoni, ana haki. Alisema, nimemsomesha mimi mwenyewe barafu na theluji, na sasa amefaulu.

Mlango wa gari ukafungwa. Nyayo zikarudi. Shihab akaingia na begi moja kubwa, nene, akapita nalo jikoni bila ya kusimama, akaenda moja kwa moja mpaka chumba kile cha mwisho ambacho zamani kilikuwa chake na sasa kilikuwa na mifuko ya mchele na maboksi ya vitabu vya matangazo ya safari. Wakamfuata, Bi Wadha mbele. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, anavitoa viatu vyake vya mlimani kimoja kimoja, vile vigumu vyenye vifungo vya chuma, vikubwa utadhani vya jini.

"Hivi vizito," alisema, "na huko havina kazi. Vikae hapa."

"Mpaka lini?" Bi Wadha akauliza.

"Mpaka theluji ianguke, Bibi."

"Hapa Ibra?"

Shihab akacheka. Alicheka kwa sauti, amekaa sakafuni, na Rumaitha akatambua kwamba hakujua mwanawe anacheka vipi siku hizi. Kisha kijana akajaribu kuvisimamisha viatu kati ya mifuko, vikagoma, kimoja kikaanguka.

"Ndege yetu saa ngapi?" akauliza, bila ya kugeuka.

"Jioni," Rumaitha akamjibu. "Tukishakula tu, tunatoka."

Akainama karibu yake, akausogeza mfuko mmoja wa mchele mpaka ukutani, na viatu vikapata pa kukaa.